Jenerali Wiedebusch na Mto Aliouvuka Peke Yake

Mwaka umetimia leo, 9 Februari 1957, tangu ututoke, Jenerali Ottfried Wiedebusch, ukiwa kitandani kwako hapa Celle, Ujerumani, umefunikwa vizuri, miguu ina joto. Wengi uliowaongoza hawakuipata bahati hiyo.

Vita vya kwanza vilikukuta luteni. Ulirudi kutoka Ufaransa na nishani. Kikosi chako kilirudi nusu. Nishani ulitusimulia kila Krismasi.

Nyumbani ulipenda utaratibu. Yai lichemke dakika nne, si tano. Kwa farasi ulikuwa mpole, hilo hatukunyimi.

Vita vya pili vikakupa ujenerali na divisheni nzima kule Urusi. Januari 1943, mwanao Volkmar, kapteni wako, alikupigia simu kutoka ukingoni mwa mto.

"Baba, nimebakiwa na watu sabini. Wanakufa kwa baridi. Turuhusu tuvuke."

"Hapa hakuna baba. Niite Jenerali. Na hakuna kurudi nyuma."

Kesho yake ukauvuka mto kwa ndege, wewe, masanduku yako matatu na mbwa. Volkmar akabaki kulekule.

Mama yetu, Mechthild, ulimwambia kijana aliomba mwenyewe kubaki. Akakuamini miaka minane, analia huku anajivuna. Mpaka siku moja Sajini Tönnies, aliyetoka kifungoni kwa Warusi, akabisha hodi tukiwa mezani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kapteni simu. Hakuomba kubaki. Aliomba kuwavusha watu wake."

Mama akakugeukia. "Ottfried, ni kweli?"

"Amri ni amri," ukasema, ukaomba chumvi.

Mama hakukaa nawe meza moja tena, mpaka ulipokufa.

Majuzi wenzako wa zamani walitaka uchongewe kibao kanisani: "Baba wa askari wake." Mama, na miaka yake sabini na miwili, alitembea kwenye theluji mpaka kwa mchungaji.

"Mchungaji, mwandike Volkmar na wale sabini. Huyu mwingine nimeshamzika, inatosha."

Mchungaji hakubisha. Kibao kitawekwa Jumapili. Jina lako halimo.

Unakumbukwa na mkeo Mechthild, binti zako Irmela na Gunda, na mjukuu wako uliyemfundisha kupiga saluti kabla hajajua kutamka "babu".

Hatutakusahau kamwe, Jenerali. Tulijaribu, tukashindwa.