Mchuzi Unapoa

Mshangano, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Pokea na shikamoo ya pili, ya yule ambaye hawezi tena kukuamkia mwenyewe. Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi wako mkorofi, ameshazaa au bado anawasumbua tu? Mimi mwili mzima. Mengine yote yamo humu ndani, na kama ni Deo anayekusomea, mwambie asirukeruke mistari kama kawaida yake. Kaka yangu huyo kila akifika penye kilio hujifanya haoni vizuri.

Barua yako nimeipata. Unasema tangu telegramu ya msiba ifike hulali, na kilichokuzidishia uchungu ni maneno ambayo wifi yangu Gaudensia aliwaandikia marafiki wa marehemu huko Kigoma, kwamba mume wangu alikuwa kitandani anateketea na mimi nimefungulia muziki. Unaniuliza ni kweli? Mama, wanasema lisemwalo lipo, na safari hii lipo kweli. Muziki nilipiga, tena kila siku. Ila nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uamue umezaa mtoto wa namna gani.

Unajua tulivyorudi huku kwao Osmund walipoanza kupunguza wafanyakazi ghalani hapo Kigoma. Alisema tutalima mahindi, na msimu wa kwanza tukalima kweli, yeye akiimba shambani kwa sauti yake mbaya ile. Msimu wa pili tumbo likaanza kujaa na macho kugeuka manjano. Tukampeleka hospitali ya misheni Peramiho, tukakaa sana, nami nikilala chini pembeni ya kitanda chake. Mwisho daktari akaniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba ini limekwisha, nimrudishe nyumbani akawe karibu na watu wake. Njiani hakuniuliza daktari amesema nini. Aliniuliza tu kama nimebeba kikombe chake.

Nyumbani, mama, kilichotuua kabla ya ugonjwa ni ukimya. Huku mtu akiwa mahututi nyumba nzima inanong'ona. Wageni wanaingia bila viatu, wanakaa chini, wanamtazama, wanatikisa kichwa, wanatoka. Hata sufuria nilikuwa naitua taratibu kama mwizi. Siku moja Osmund akaniambia, "Sesi, mnanitangulizia matanga. Fungua redio."

Nikafungua. Ikatokea kwaya. Akasema zima, hao wananiimbia kama nimeshakufa. Nikatafuta miziki ya dansi ya Kiswahili, ile aliyokuwa anaipenda, akasikiliza kidogo akageukia ukutani. Akasema, "Wanasema maneno. Nikisikia maneno nawaza shamba, nawaza paa halijaisha, nawaza wewe utakaa na nani." Ya Kikongo nayo ngoma zilimgonga tumboni. Nilishindwa, nikakaa kwenye kigoda nikalia, na yeye akanitazama nalia, ndipo akasema, "Ile kanda ya kwenu ipo?"

Ilikuwepo, chini kabisa ya sanduku. Ni ile ya nyimbo za Kifaransa aliyorekodi Deo redioni hapo uani kwako, enzi zile Osmund anakuja kila jioni akisingizia kusikiliza redio ya Bujumbura. Unajua mwenyewe hakujua neno la Kifaransa hata moja. Wala mimi changu si cha shule, ni cha jikoni kwa masista wa Kifaransa nilikokuwa nasaidia kupika: chumvi, kisu, funga mlango, mvua inanyesha, chakula tayari. Hicho tu. Lakini yeye alisema hizo ndizo nyimbo anazotaka, sauti ya mtu isiyomdai kitu.

Basi nikawa mchaguzi wa nyimbo, mama. Kama vile mtu anavyochagua kuni za kupikia na za kuotea moto. Asubuhi wakati wa kumwosha na kumgeuza niliweka ule wa mwanaume mwenye gitaa, unaokwenda taratibu kwa mapigo sawasawa, nikamgeuza kwa mapigo hayo na hakulalamika. Maumivu yakizidi niliweka ule usio na ngoma kabisa. Kuna mmoja ambao mwimbaji anakaribia kulia, huo aliukataa katakata, akasema "Huyo mama aende akalie kwao." Na jua likianza kupungua, saa ambayo hofu ilikuwa inampanda, niliweka ule wa mwanamke na kodiani, kile kinanda cha kukunjua kwa mikono. Betri nilikuwa naanika juani mchana, juu ya ungo pamoja na mahindi, ili jioni ziwe na nguvu ya wimbo huo mmoja. Siku hizi madukani Songea betri zimejaa tele, ni sisi tu ndio tulikuwa watupu.

Na wimbo huo ndio mwishoni mwake unasikika wewe, mama. Deo hakuwahi kukuambia. Kodiani inakatika, halafu wewe unapiga kelele kutoka jikoni: "Zimeni hiyo redio, betri zinaisha! Na huyo mgeni hana kwao?" Osmund alikuwa anausubiri wimbo mzima kwa ajili ya maneno hayo. Akikusikia anacheka, na kucheka kunamuuma, anashika tumbo na bado anacheka.

Sasa siku hiyo Gaudensia alikuja kutoka mjini, akaukuta muziki tangu nje. Akaingia amefura. "Ndugu yangu anakata roho humu, mwenzetu kafungulia dansi! Watu wa Kigoma ndivyo mlivyo?" Kabla sijajibu, mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga pembeni ya kitanda, akasema bila kuinua kichwa, "Gaudensia, punguza sauti. Huo ni wimbo wa masista. Wifi yako si alilelewa na masista wa Kifaransa? Husikii kinanda cha kanisani?"

Nilimtazama Osmund, naye akanitazama. Mzee wa watu kachanganya kodiani na kinanda cha misa. Nikanyoosha mkono nizime kabla hujaanza kugomba, nikachelewa. Ukagomba, mama, nyumba nzima ikakusikia. Gaudensia akauliza huyo naye ni nani. Mume wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kuomba maji, akajibu, "Mkuu wa masista." Mama mkwe akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaendelea na mboga zake.

Basi habari zikaenea. Akina mama wa jumuiya, wanaokuja kusali rozari kwa mgonjwa, wakawa wanauomba kabisa: "Sesilia, tuwekee wimbo wa masista kwanza, tutulie." Wanafumba macho, wanaufuatisha kwa pua, kila mmoja na sauti yake, na mimi nimesimama na kidole juu ya kitufe nisije nikachelewa tena. Wakitoka Osmund alikuwa ananiambia, "Ukiwaambia ukweli sitakusamehe." Ndiyo furaha ya mwisho tuliyokuwa nayo, mama, utani wetu wawili. Gaudensia peke yake hakushawishika, na ndiye aliyeandika huko.

Jioni ya mwisho hakutaka kuchaguliwa. Akasema ule ule. Nikauweka, ukaenda mpaka mwisho, ukasema maneno yako, safari hii hakucheka. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mama yako anapouliza hivyo, mjibu. Mwambie mgeni ana kwao, ameshafika." Akaniambia nikupe shikamoo yake na asante kwa mke. Nimekaa na salamu hizo kifuani wiki zote hizi kwa sababu zilikuwa nzito kuziandika. Sasa umezipata.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na baba yake. Padri alimaliza, kwaya ikaimba, ikanyamaza. Wanaume wakaanza kurudisha udongo, na unajua sauti ya udongo wa kwanza ilivyo. Hapo nikasikia mtu anaguna wimbo kwa pua. Nikageuka, alikuwa mama mkwe. Ule wimbo wa kodiani, mama! Akina mama wa jumuiya wakaupokea, kisha na wanaume, kisha Gaudensia naye, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Watu wote kaburini wanaguna wimbo wa redio ya Bujumbura wakidhani wanamsindikiza kwa Mungu. Mimi nilianguka. Walidhani nimeanguka kwa uchungu, na ni kweli, lakini si uchungu waliodhani. Kati ya watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua maneno yake.

Juzi baada ya kuondoa matanga, mama mkwe aliniita jikoni. Akaniambia kama nataka kurudi kwetu niende kwa amani, hapana atakayenizuia, lakini nimwachie kanda. Nikaona siwezi kumwachia kwa uongo. Nikasema, "Mama, nisamehe. Ule si wimbo wa masista."

Akasema, "Najua, mwanangu. Mkuu wa masista gani anafukuza mgeni kwa ajili ya betri?"

Kumbe aliyechanganywa pale hakuwa yeye. Alimwona mwanawe anacheka, akaona binti yake anataka kukizima kicheko hicho, akasema uongo wa kwanza uliomjia, halafu akaubeba mpaka kaburini bila kututazama usoni. Sisi tulijiona wajanja wawili, kumbe tulikuwa watatu.

Akachochea moto. Kisha akauliza, "Unasema nini lakini? Sikuwahi kujua ninaimba nini."

Nikamwambia. Ni mke anamwita mume wake aliye nje kwenye mvua. Anamwambia, njoo ndani, funga mlango, mchuzi unapoa. Anarudia hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna zaidi.

Hakulia, mama. Alisonga ugali, akageuza likolo, ndilo jina la mboga za majani huku. Tupo wawili tu katika nyumba hii, lakini alitoa sahani tatu. Ya tatu aliijaza, akaifunika, akaisogeza karibu na moto, na mlango akauacha wazi.

Kwa hiyo usinitarajie mwezi huu, mama. Nitakuja, lakini sitamwacha peke yake na sahani hiyo kwa sasa. Msalimie Deo mrekodi kanda, mwambie kazi yake haikupotea. Msalimie shangazi wa Ujiji na mjomba mvuvi, na yule sista mzee wa jikoni aliyenifundisha kusema mvua inanyesha, kama bado yu hai. Marafiki wa ghalani uwasomee barua hii yote. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema sauti yako anaijua.

Na siku nikifika, mama, tafadhali usinipokee kwa kilio. Simama jikoni unigombeze.

Ni mimi mwanao,
Sesilia