Kura, Si Kula

Jumatatu, 3 Machi. Kitale.
"Pesa huisha, hisa hudumu." Ndivyo meneja wa kiwanda cha unga alivyotuandikia. Nasoma barua yake huku nachambua maharagwe. Uongo. Pesa huisha kwa sababu hununua mbolea. Hisa za kampuni iliyofilisika hazinunui hata kiberiti. Kama ni tamu hivyo, mbona wakili wao hawamlipi kwa hisa?

Walichukua mahindi yetu tangu mavuno, hawajalipa. Sasa wanataka tutie sahihi fomu: deni lifutwe, tupewe hisa. Tukikataa, mahakama itauza mitambo na kutugawia chochote kitakachopatikana. Mimi nina mshahara wa ualimu. Mdogo wangu Nafula, mjane, kule Bungoma, hana kingine.

Jumatano, 5 Machi.
Mkutano wa sisi wadai. Ukumbi umejaa: watu wa Kiminini, wa Moi's Bridge, basi zima kutoka Bungoma. Meneja akatangaza kama mhubiri: kila hisa ina kura moja. Nyuma yangu Mzee Barasa, jirani wa Nafula, akamgusa mwenzake.

"Umesikia? Ati iko na kula!"

Mstari mzima ukachangamka. Nikasimama, nimewaka. "Wazee, msidanganyike! Ni kula, si kura!"

Ulimi wa nyumbani, unaobadilisha r na l. Miaka yote ya kusahihisha insha za watoto, kisha hasira ikanirudisha Bungoma kwa neno moja. Wakanipigia makofi. Nikajaribu kurekebisha, nikaharibu zaidi. Meneja akatabasamu. Namchukia. Najichukia zaidi.

Ijumaa, 7 Machi.
Nafula kapiga simu, ana furaha. Ametia sahihi. "Si ni wewe dada ulisimama ukasema ni kula?" Fomu kampa Mzee Barasa, anayekusanya za kijiji kizima. Atazipeleka kiwandani Jumatatu, saa sita mchana. Kesho naenda Bungoma.

Jumamosi, 8 Machi. Bungoma.
Kwa Barasa. Fomu ziko kwenye mfuko wa mbegu.

"Mwalimu, leo umegeuka? Wamekununua, bana?"

Sikubishana. Sijui lini niliwahi kutobishana. Nikaokota kijiti, nikaandika maneno mawili kwenye udongo. Chini ya moja nikachora sanduku la kupigia kura, chini ya jingine sahani. Nikagusa sanduku: hisa ni hii. Akanyooshea sahani kidole.

"Kwa hivyo hatukuli?"

"Hamli, mzee."

Akanipa fomu ya Nafula. Nyingine akakataa. Kila mwenye yake aje mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi.
Nafula ameichana fomu, akawashia jiko. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kabla watu hawajatoka ibadani nimebandika karatasi kwenye lango la kanisa, herufi kubwa, na jina langu chini:

Ninyi mlionipigia makofi Kitale, nilikosea. Hisa hizi zina kura, hazina chakula. Nendeni kwa Mzee Barasa leo. Chukueni fomu zenu.