Mume Wangu Anangoja Kuhesabiwa

Na lile swali lako, Shangazi, kama ninapata usingizi nikilala na mfungwa: ninalala fofofo. Kwanza alishafunguliwa, pili ni mtamu kuliko asali. Alfajiri anatandika kitanda, kisha anasimama wima kando yake akingoja kuhesabiwa. Mazoea ya miaka sita hayatoki kwa wiki tatu za ndoa. Namwambia, “Mmoja,” anaitika, “Yupo,” nami nayeyuka.

Juzi alikwenda kuomba kazi kwenye karakana ya samani. Fundi mkuu aliipapasa droo ambayo mume wangu aliiunda mbele yake, akauliza, “Useremala umesomea wapi?”

“Gerezani, mzee.”

“Afadhali. Hawa wangu walikuwa wanatoroka masomo.”

Ameanza Jumatatu.

Shangazi, aliiba, akafungwa, akamaliza. Harusini tulikuwekea kiti cha mbele kikabaki kitupu, nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Wewe ndiye uliyenilea.

Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha. Ukitufungia mlango, tutakaa kibarazani. Mume wangu amefanya mazoezi ya kungoja miaka sita. Utachoka wewe kununa kabla yeye hajachoka kukaa.

Binti wa kaka yako,
sasa mke wa seremala