Mto Uliosimama

Jumatatu, 4 Rajabu. Rumonge.
Asubuhi nimeranda mguu mpya wa kile kiti cha miguu mitatu kinachobeba sanduku la picha la Mdachi mmoja mgeni. Ule wa zamani ulivunjika aliposhuka mtumbwini. Ameujaribu, ameridhika. Anataka niende naye kaskazini, kupita Ruanda, hadi mlima wenye barafu. Anataka kuipiga picha. Anahitaji fundi, na mtu wa kubeba vioo vinavyonasa picha bila kuvivunja.
Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nyumba haina mtu. Tangu tumzike mwanetu Zuhura, mke wangu Mwamini amerudi kwa kaka yake, Bugarama. Mwezi wa nne huu. Hatukugombana. Tulinyamaza tu, hadi kunyamaza kukatuchosha.

Alhamisi, 7 Rajabu. Gitaza.
Vioo viko mgongoni mwangu, ndani ya sanduku nililolitengeneza mwenyewe. Jana tulilala Magara. Njia ya kupanda Bugarama inaanzia pale. Nimeitazama, nikapita. Sina sababu ya maana. Niliogopa.
Hapa ndagala, dagaa wa ziwa hili, zimeanikwa mchangani hadi karibu na maji. Mama mmoja amenipa konzi moja, nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze. Nimezila nikitembea.

Jumapili, 1 Shaabani. Ruanda.
Mvua. Wapagazi ni Warundi wa milimani. Wana moto wao na nyimbo zao, na mimi wananiita Muswahili tu. Mdachi anakaa hemani kwake. Mimi niko katikati, na sanduku.

Jumatatu, 23 Shaabani. Chini ya mlima.
Siku tatu tumepanda kwenye matope yanayofika magoti. Miti ina ndevu. Leo wapagazi wamekataa kwenda juu zaidi ya mwamba huu. Wana haki. Kila mmoja ana shuka moja, na usiku maji yanaganda chunguni. Mdachi amefoka, kisha amekubali. Watatungoja hapa. Kesho tunapanda wawili.

Jumatano, 25 Shaabani. Juu.
Nimeiona.
Nilidhani itakuwa nyeupe tupu. Kumbe nyufa zake ni za buluu, na mgongoni ina uchafu kama ng'ombe aliyelala zizini. Ni mto. Umeshuka bondeni ukasimama. Ukikaa kimya unausikia ukilia kwa ndani, kama mbao mbichi zinazokauka.
Dua ya maiti inaomba marehemu aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Nimeiitikia mazikoni tangu utoto. Sikujua theluji ni nini. Leo nimeishika. Inauma, kisha inakuwa maji, kisha haipo.
Mdachi amenisimamisha kando ya barafu.
"Usicheke. Bila mtu hawataona ukubwa wake."
Basi nimekuwa kipimo. Vioo sita. Kutwa nzima amevua miwani yake myeusi ili aone vizuri. Mimi nilijifunika kilemba, nikaacha upenyo mdogo.

Alhamisi, 26 Shaabani. Juu.
Ameamka haoni. Macho yamevimba, machozi hayakatiki, anasema yamejaa mchanga. Nimeyafunga kwa kitambaa chenye maji. Nilitaka tushuke hapo hapo. Akauliza mbingu ikoje. Nikamwambia haina wingu.
"Basi piga wewe."
Nimemshika mkono, nikamsimamisha pale nilipokuwa mimi jana. Chini ya kitambaa cheusi cha sanduku la picha mambo yote yako kichwa chini: barafu inaning'inia, Mdachi ananing'inia nayo, mbingu iko miguuni. Nilitazama muda mrefu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anaona nilichokiona, hata yule aliyesimama mbele ya barafu. Uchungu ukanishika. Nikaita, "Zuhura." Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu mazishi.
"Nani huyo?" Mdachi akauliza.
"Mwanangu. Amekufa."
Alinyoosha mgongo. Kisha akasema, "Usitikise sanduku."
Nikafungua kifuniko. Moja, mbili, tatu. Nikafunga. Nimepiga vioo vinne.

Ijumaa, 27 Shaabani. Chini ya mwamba.
Sikuweza kubeba vyote na kumwongoza kipofu. Sanduku la picha na miguu yake nimeviacha juu, chini ya jiwe. Nimebeba vioo. Nilifungua kilemba, ncha moja nikaifunga kiunoni kwake, nyingine kwangu. Kila hatua nilimwambia: jiwe, shimo, tope, jiwe. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja.
Mahali penye maji aliteleza. Kilemba kilinikata tumbo. Nilikumbatia mzizi, sanduku likagonga mwamba, nikasikia vioo vikivunjika ndani. Sikuliachia, na yeye sikumwachia.
Tumefika kabla ya jua kuzama. Mpagazi mmoja amenikanda miguu bila kuombwa. Nimelia. Ameendelea kukanda.

Jumatatu, 1 Ramadhani. Njiani.
Jana niliuona mwezi. Nilimwonyesha yule mpagazi, akatikisa kichwa kwa adabu. Msafiri anaruhusiwa kula. Nimefunga hata hivyo. Nilitaka kuwa pamoja na watu wa Rumonge, hata kwa njaa.
Macho ya Mdachi yameanza kuona.

Jumanne, 7 Mfunguo Mosi. Usumbura.
Idi imenipita njiani.
Mdachi amepewa chumba chenye giza bomani, amesafisha vioo. Vyote vyenye picha yangu vimevunjika. Kati ya vile nilivyopiga mimi, kimoja ni kizima. Amekiinua dirishani nikione. Barafu ni nyeusi kama makaa. Akasema kwenye karatasi itageuka nyeupe. Sitaiona karatasi hiyo. Kioo kinakwenda Ulaya pamoja naye.
Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikuuliza chini ya picha ataandika jina la nani.

Jumapili, 12 Mfunguo Mosi. Bugarama.
Safari hii sikupita. Mwamini alikuwa anapalilia maharagwe. Amekonda.
"Amahoro, Baba Zuhura. Walisema umekufa huko."
Tulikaa ukingoni mwa shamba. Nikamweleza mlima. Akauliza baridi iko namna gani. Nikasema ni kama kushika moto. Kisha nikamwambia nilichokifanya pale juu, jina nililoliita. Nilidhani atainuka aondoke.
"Sema tena," akasema.
Nikasema. Naye akasema. Tukalisema mpaka likawa jina la mtoto, si la kaburi.
Kaka yake alitupikia. Mwamini hakusema atarudi. Jioni nimeshuka peke yangu, na ziwa liko mbele yangu njia nzima.

Ijumaa, 24 Mfunguo Mosi. Rumonge.
Nimetoka msikitini nimemkuta Mwamini mlangoni. Ana kikapu cha maharagwe na jembe. Amefagia uani, amewasha moto, ameuliza chumvi iko wapi. Hakusema atakaa siku ngapi. Sikuuliza.
Anapika sasa. Namsikia akikoroga chungu.