Majibu ya Damu ya Nyambura

Mami,

Tangu tukuzike, wa kumtetea Nyambura nimebaki peke yangu. Unamjua: hatulii, hamalizi kusema jambo, yuko mlangoni kabla sijamwambia tunaenda wapi. Ulipokuwa hai hakuna aliyethubutu kumgusa. Ni msichana wangu wa pili, mwenye jina lako, na ulikuwa ukisema, "Ukimchapa huyo, umenichapa mimi." Hukutaka mzaha na jambo hilo.

Sasa umeenda, na fimbo zimeanza kutajwa. Mwalimu anasema ni utundu tu. Tata, dada yako, alikuja hapa Lanet akanisomea: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyo mamaye ni mimi. Iliniuma, Mami.

Nikampeleka kwa daktari wa watoto, Nakuru. Alisema dalili ni za ADHD, hali ya akili inayomfanya mtoto asitulie wala kumakinika, lakini akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua shingo. Nikakumbuka goita yako, ulivyoifunika kwa kitambaa kila Jumapili, kisha kwaya ikianza unakifungua, maana huwezi kuimba umebanwa. Daktari akaeleza kwamba tezi hiyo ya shingo, thairoidi, ikifanya kazi kupita kiasi inaweza kumfanya mtoto ahangaike vivyo hivyo. Akatolewa damu. Tata akasema Nyambura alichukua jina lako, akachukua na shingo yako.

Nikuambie ukweli? Niliomba iwe shingo. Mgonjwa wa shingo watu humhurumia. Mtoto asiyetulia humtafutia fimbo.

Majibu yakaja: tezi yake ni nzima kabisa. Daktari alisema watoto wengi wenye ADHD huwa na tezi nzima, na kwamba ziko njia za kumsaidia. Nilishukuru Mungu, kisha nikalia palepale kwenye korido. Nyambura akanipangusa machozi kwa mkono wa sweta, huku akihesabu taa za dari kwa sauti kubwa.

Basi si shingo, na si ukaidi. Ndivyo akili yake inavyokwenda. Kesho naenda kumweleza mwalimu. Tata naye nitamwambia, hata akininunia mpaka Krismasi.

Pumzika, Mami. Hakuna atakayemchapa nikiwa hai. Jumapili tutakuja huko Bahati kupalilia kaburi lako. Atakimbia huku na huku, pengine akanyage maua yako, na nitamwacha akimbie.

Mwanao.