Kobe wa Juu ya Kompyuta

Mwende wangu,

Huku mtaani Baba Dogo tu wazima, na mama yako mdogo ndiye anayeniandikia barua hii. Unauliza kama ni ujinga kuvaa sweta ile ile kila unapojaribu programu yako.

Miaka ya tisini nilikuwa nikifagia ofisi ya kompyuta kule eneo la viwanda, Industrial Area. Mutua, aliyeandika programu, aliweka kobe wa mbao wa bahati juu ya mashine, atazame mlango. Nilimgeuza nikipanguza vumbi, na programu ikakwama. Wenzake wakasema nimeleta mkosi, nifutwe kazi.

“Mama, hebu mrudishe kobe,” Mutua akasema. Nikamrudisha, bado ikakwama. Akasoma kazi yake upya, akainuka. “Mwacheni mama. Nimekosea mimi.”

Kazi hiyo ya kufagia ndiyo iliyomsomesha mama yako. Namshukuru Mutua hadi leo.

Vaa sweta yako, lakini uifue. Na programu ikikwama, usimtazame anayefagia.

Nyanya yako, Shosho