Mwanangu Alidhani Nimeoa, Kumbe Ni Njugu za Sukari

Mpendwa Mshauri Waiyego,

Nisikize mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, fundi mstaafu wa kiwanda cha nguo hapa Eldoret, sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja, lakini nimefikwa na jambo ambalo nusu yake imeisha vizuri, namshukuru Mungu, na nusu iliyobaki ndiyo nakuletea unisaidie.

Mke wangu Awuor alituacha mwaka jana mwezi wa tatu. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapika njugu kwa sukari, zile ambazo sukari inazishika mpaka zinang'aa na kulia mdomoni, na watoto wetu, Amondi na Lennox, walikuwa wanajua ni Jumapili kwa ile harufu. Alipoenda, nyumba ilibaki inanuka sabuni tu. Siku moja nikaona basi, nitajaribu mwenyewe, nikanunua gorogoro ya njugu sokoni, ule mkebe wa kupimia wa kilo mbili, nikatia sukari na maji kidogo kwa sufuria, nikawasha gesi, na Mshauri, niliharibu chakula. Mara ya kwanza ziliungua. Baada ya hapo, kila nikijaribu, maji yanakauka na sukari inageuka kama mchanga mweupe, nami namwaga nikidhani imeharibika, mpaka siku moja simu ikalia kabla sijazima moto, na nilipoangalia tena nikakuta ule mchanga unayeyuka wenyewe na kushika njugu. Nikakoroga mbio, nikazitandaza kwenye sinia. Zilipopoa nikaonja moja, nikaketi hapo jikoni nikalia.

Wiki hiyo hiyo akina mama wa kanisa wakaja kunijulia hali, nikawawekea sahani. Mwenyekiti wao, Mama Bridgit, akaniuliza, "Mzee, hizi umetengenezewa na nani?" Nikaona haya, mwanamume mzima nimesimama jikoni napika peremende, nikasema ni mama mmoja wa Kaptagat, anaitwa Kavetsa. Jina lilinitoka tu. Nikawaona wakitazamana.

Habari kwamba kuna mama ananipikia zilimfikia Amondi, ambaye anafundisha shule kule Burnt Forest. Akaja, akakuta aproni ya maua kwenye kamba ya nguo, nami ndiye niliyeinunua nisichafue mashati. Hakuuliza kitu. Alinitazama tu akasema, "Baba, hata kaburi la Mama halijaota nyasi," akaenda zake, na kwa miezi mitatu hakushika simu yangu.

Jumamosi iliyopita alikuja bila kusema. Nilikuwa jikoni, mlango nimeufunga, mwiko unakwaruza sufuria, na nina tabia ya kuongea na sukari, nasema, "Pole pole, mama, usiharakishe." Mlango ukasukumwa. "Atoke! Atoke nimwone leo!" Akaangalia nyuma ya mlango, akafunua pazia la stoo, akanigeukia mimi na aproni yangu ya maua.

"Baba, Kavetsa yuko wapi?"

"Kavetsa ni mimi."

Mshauri, huyo mtoto alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi, kisha yale machozi yakawa ya kweli, nikazima gesi nikakaa karibu naye, na tukamlilia mama yao pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri.

Sasa shida. Mama Bridgit anataka Kavetsa aje ukumbi wa kanisa Jumamosi ijayo awafundishe akina mama kumi na wawili. Amondi ananiambia niende. Lennox amepiga simu kutoka Nairobi akasema, "Mzee, hiyo aproni uivue, watu watasema nini?" Mimi nimefikiria niseme Kavetsa amehamia Kitale. Nifanye nini? Jina langu liandike, sina cha kuficha tena.

Ondiek, Eldoret

MSHAURI WAIYEGO ANAJIBU:

Mzee Ondiek, pole sana kwa kuondokewa na Awuor. Nilipofika pale ulipozima gesi, nami nikashusha pumzi.

Lakini nitakugombeza, maana umri haukukingi. Miezi mitatu mtoto wako amelia peke yake akidhani umemsahau mama yake, na dawa ilikuwa maneno mawili tu: "Napika mimi." Wewe hukuona haya kwa sababu ya njugu. Uliona haya watu wajue vile unamkosa mke wako. Hiyo si aibu, Mzee. Watu walikuja kwako kukufariji, ukawapa Kavetsa.

Kwa hivyo Kitale haendi mtu. Huyo mama ukimhamisha leo, kesho wataomba namba yake ya simu. Mwambie Mama Bridgit ukweli kabla ya Jumamosi, ana kwa ana au kwa simu, na umwombe radhi. Atacheka. Mwache acheke, kicheko cha namna hiyo hakijaua mzee yeyote ninayemjua.

Lennox naye mwambie hivi: wapishi wengi wa hoteli za mjini ni wanaume, na hakuna anayewauliza. Usibishane naye kwa simu. Mwite nyumbani, mpe mwiko, akoroge mpaka mkono umuume. Yeye pia amefiwa, na huenda hajapata mahali pa kulilia.

Jumamosi nenda, na aproni yako uivae. Waambie akina mama moto uwe wa wastani, na sukari ikigeuka mchanga wasimwage, waendelee kukoroga, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Watoto wakae mbali, sukari iliyoyeyuka huchoma kuliko maji yanayochemka, na asionje mtu kabla hazijapoa. Sufuria iloweke kwa maji moto, usiikwaruze kwa chuma. Wakikuuliza ulijifunza kwa nani, mtaje mke wako kwa jina, kwa sauti, hata kama itatetemeka.

Na Amondi asirudi kuwa mtu wa kuvamia mlango. Pangeni siku yenu, aje, mpike, mle.

Sasa weka gazeti hili chini, Mzee, umpigie Mama Bridgit kabla hujavua miwani.